Visambusa vya embe na krimu chizi: manda ipi na jibini ipi ya kununua Mombasa

Kitafunio chenyewe hakina mambo mengi. Ni tunda lililopikwa likakauka, krimu chizi iliyotiwa utamu kidogo, vyote vikafungwa ndani ya manda, zile shiti nyembamba za unga wa ngano, na kukaangwa kwenye mafuta mengi. Kikitoka vizuri, nje kinavunjika kwa sauti, ndani jibini imelainika bila kuwa maji, na uchachu wake unalishika embe lisikinaishe. Kikiharibika, karibu mara zote chanzo ni maji: ya tunda, ya jibini, au ya hewa ya Mombasa inayoingia kwenye manda kabla haijafika kwenye karai. Ndiyo maana bidhaa zinazouzwa hapa mjini kwa kazi hii tumezipima kwa swali moja: inaleta maji kiasi gani, na inayazuia kiasi gani?

Kwa mwenye haraka, hukumu ni hii. Manda ya mkono iliyochomwa siku hiyohiyo ndiyo bora kwa ladha. Manda ya mraba ya kugandishwa ndiyo salama kwa anayeanza. Krimu chizi ya kipande inaipita mbali ile ya kopo la kupaka mkate. Na jibini ya kukata maziwa kwa ndimu, iliyotengenezwa nyumbani, inazishinda zote mbili ikifika kwenye mafuta ya moto, na gharama yake ni ndogo.

Manda

Manda za mkono zinapatikana Mji wa Kale na maduka ya karibu na soko la Marikiti, zimekatwa vipande virefu tayari kwa sambusa. Hutengenezwa kwa kupandanisha maduara ya unga yaliyopakwa mafuta na kunyunyizwa unga mkavu, yakasukumwa pamoja, yakapitishwa juu ya chuma cha moto kidogo tu, kisha yakaambuliwa moja moja. Kule kuiva nusu ndiko kunakoipa manda hii sifa yake: imeshapoteza sehemu ya maji, ina mafuta kidogo mwilini, kwa hiyo inashika rangi sawasawa na inabaki kavu muda mrefu zaidi baada ya kukaangwa. Ina unene wa kutosha kutafunika, na ladha ya ngano iliyochomwa inapatana na jibini kuliko manda yoyote ya kiwandani.

Kasoro zake zinajulikana na zinakagulika kabla ya kulipa. Inua kipande kimoja kwenye mwanga. Ukiona vitundu, hata vidogo vya ncha ya sindano, acha. Nyama ya kusaga huvumilia tundu, jibini haivumilii. Pinda kona moja: ikivunjika badala ya kukunjika, ni ya zamani. Pangusa kidole juu yake: ikiacha unga mwingi mkavu, unga huo utaanguka kwenye mafuta, utaungua chini ya karai na kukuachia vidoa vyeusi na uchungu. Nusa pia. Mafuta yaliyopakwa kati ya maduara yakishachacha, hakuna iliki itakayoificha harufu ile. Na swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: “Mama, hizi za leo au za jana?” Wauzaji wenye heshima ya kazi yao husema kweli, kwa sababu wanataka urudi.

Mwezi wa Ramadhani manda huuzwa kwa wingi sana, hivyo ni rahisi kupata mpya. Lakini hapo ndipo pa kukagua zaidi, maana manda zikifungwa zingali na joto hutoa jasho ndani ya kifurushi na kunatana. Ukizivuta zinachanika katikati, na zilizochanika hazifai kwa jibini, hata ukizibandika gundi ya unga.

Manda za mraba za kugandishwa, zile za kuviringishia, ziko kwenye friza za supamaketi. Ni nyembamba, sawa kila upande, na ni nadra kuwa na vitundu. Zinaviringishwa kama kidole badala ya kukunjwa pembe tatu, jambo linaloondoa kabisa tatizo la ncha inayovuja. Kwa mtu ambaye hajawahi kukunja sambusa, hizi ndizo za kuanzia. Ubaya wake ni hewa yetu. Zikishakaangwa huvunjika vizuri mwanzoni, lakini baada ya nusu saa mezani, hasa wakati wa masika, huanza kutafunika kama ngozi. Na kuziyeyusha kunataka subira: ziache kwenye friji usiku kucha ndani ya kifurushi chake, kisha ziweke mezani zikiwa bado zimefungwa mpaka zipoteze ubaridi. Ukifungua zikiwa baridi, unyevu wa hewa unageuka maji juu yake palepale na shiti zote zinashikana.

Aina zote mbili, ukishafungua, zifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana. Feni juu ya meza ya jikoni ni adui hapa. Dakika 5 zinatosha kukausha kingo zipasuke wakati wa kukunja.

Donge la chapati halifai, japo wengi hulijaribu. Ni nene, na mpaka liive ndani jibini imeshachemka na kutafuta njia ya kutokea.

Jibini

Krimu chizi asili yake ni Marekani, jimbo la New York, miaka ya 1870, na sheria ya huko inaitaka iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 33 na maji yasiyozidi asilimia 55. Kipimo hicho kinafaa kukiweka akilini dukani Mombasa, hata bidhaa isipotoka huko. Geuza kopo, au pakiti ya kipande, usome mafuta kwa kila gramu 100. Ikiwa ni 30 na zaidi, umepata. Ikiwa ni chini ya 25, hiyo imetengenezwa ili ipakike kwenye mkate ikitoka friji, na ulaini huo umepatikana kwa kuongezwa maji au kupigwa hewa. Ndani ya manda, ikipata moto, maji yanajitenga, yanageuka mvuke, na mvuke unafungua mshono. Zile zilizopunguzwa mafuta usiziguse kwa kazi hii. Zilizotiwa ladha ya matunda zimeshawekwa sukari nyingi, na sukari ikivuja huungua na kuchafua mafuta yote.

Kama huwezi kusoma kopo au maandishi hayaeleweki, kuna jaribio la nyumbani. Weka kijiko kimoja cha jibini juu ya karatasi ya jikoni, subiri dakika 10. Duara dogo la unyevu ni kawaida. Likipanuka mpaka karatasi ikalowa, hiyo ni ya kupaka mkate tu.

Ukiwa nayo tayari na hutaki kuitupa, ongeza kijiko kikubwa kimoja kilichojaa cha konflawa kwa kila gramu 200. Kuichuja kwa kitambaa hakusaidii sana, kwa sababu makopo hayo mengi yana gundi za mimea zinazoshikilia maji; yanaachiwa tu yakikutana na moto. Konflawa inafanya kazi wakati huohuo wa moto, kwa hiyo inayakamata yanapotoka. Poda ya kastadi nayo inafaa badala yake, kwani kwa sehemu kubwa ni konflawa iliyotiwa rangi na vanila. Kwa visambusa vya ndizi sisi tungeichagua hata mbele ya konflawa.

Sasa ile ya nyumbani. Chukua lita 1 ya maziwa freshi yenye mafuta yake yote na mililita 200 za krimu. Pasha polepole ukikoroga mpaka yakaribie kuchemka kabisa, kisha zima moto. Tia maji ya ndimu kidogokidogo, jumla vijiko vikubwa 3 hivi, ukikoroga taratibu. Simama pale unapoona maziwa yamekatika na maji yaliyobaki yamekuwa ya kijanikibichi hafifu, si meupe. Yakiwa bado meupe, ongeza ndimu. Acha dakika 10, chuja kwa melimeli, ning'iniza kwa saa moja. Utapata kati ya gramu 250 na 300. Saga kwa blenda ikiwa ingali vuguvugu pamoja na vijiko vikubwa 2 vya yoghati isiyo na sukari na bana moja ya chumvi, mpaka chembechembe ziishe.

Sababu ya jibini hii kushinda ni kwamba protini zilizoshikana kwa joto na ndimu haziyeyuki tena zikipashwa moto. Ndiyo maana paneer, jibini ya Kihindi inayotengenezwa kwa njia hiihii, inabaki vipande ndani ya mchuzi unaochemka. Krimu chizi ya dukani hulainika na kutambaa. Hii hubaki mahali pake, na hata mshono ukifunguka kidogo haikimbii. Inachokosa ni ule uchachu wa ndani, na ndiyo kazi ya yoghati. Usitumie maziwa ya muda mrefu ya pakiti. Hayo hushikana vibaya na kukuachia uji badala ya jibini. Mtindi uliochujwa peke yake pia haufai: una mafuta machache, ukipata moto unakuwa na chenga.

Iwe ya dukani au ya nyumbani, ukifika kuitia sukari usiipige sana na mashine. Kadiri unavyopiga krimu chizi pamoja na sukari ndivyo inavyozidi kulegea. Mwiko na mkono vinatosha, na sukari iwe ya unga.

Tunda

Embe lisilopikwa, lililokatwa vipande, likiingia kwenye manda moja kwa moja ni karibu sawa na kumimina maji, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya nyama yake ni maji. Lipike kwanza. Embe la kutafuta ni ngowe, lile refu lenye nyama ya rangi ya karoti na nyuzi chache, Marikiti au soko la Kongowea msimu wake ukifika. Dodo mara nyingi lina nyuzi zinazochomoza kwenye mshono na kuzuia gundi isishike. Liache kwa juisi. Ngowe liwe limeiva lakini kidole kisizame.

Nanasi linataka tahadhari ya pekee, na hapa wengi huharibikiwa bila kujua kwa nini. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa. Ukilichanganya na jibini na kuliacha friji, ukirudi utakuta jibini imekuwa maji na ina uchungu. Likipikwa mpaka likachemka vizuri kote, kimeng'enya hicho hufa na tatizo huisha. Papai lina tabia hiyohiyo, na kwa kuwa nalo halina uchachu wowote wa kusaidia, hatuoni sababu ya kulitumia.

Ndizi ndogo za sukari hazihitaji kupikwa. Katakata, nyunyizia ndimu zisiwe nyeusi, tumia papo hapo. Fenesi lina harufu inayotawala, kwa hiyo kidogo tu. Stafeli lina maji mno.

Lakini tunda linaloongoza kwa kitafunio hiki kwenye pwani hii ni tende. Maji yake ni machache, utamu wake unatosha bila sukari kuongezwa, na chumvi ya jibini inaufungua vizuri. Toa kokwa, katakata, ponda kwa uma na kijiko kimoja cha maji moto, basi. Mwenye kupika futari kwa watu wengi na asiye na muda wa kusimamia sufuria ya embe, aende moja kwa moja kwenye tende.

Vipimo na kufunga

Kwa vipande 24: jibini gramu 240, sukari ya unga vijiko vikubwa 3, konflawa kijiko kikubwa 1, iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai, ganda la ndimu moja lililokwaruzwa, na chumvi bana moja ikiwa jibini haina. Embe gramu 200 zilizokatwa vipande vya nusu sentimita, sukari kijiko kikubwa 1, maji ya ndimu kijiko cha chai 1. Pika embe kwenye sufuria pana, moto wa wastani, dakika 8 hadi 10, mpaka ukipitisha mwiko njia inabaki wazi na maji hayarudi. Litabaki kama gramu 120. Lipoe kabisa, kisha likae friji. Embe vuguvugu huyeyusha jibini kabla hujafunga hata cha kwanza.

Gundi ni vijiko vikubwa 3 vya unga wa ngano na maji kiasi hicho au zaidi kidogo, iwe nzito ya kupakika. Ikiwa nyepesi huchuruzika na kulowesha manda. Ikiwa ngumu hupasuka kwenye mafuta.

Kunja kipande cha manda upate mfuko wa pembe tatu, halafu kabla hujatia chochote chungulia ncha ya chini. Kwenye sambusa nyingi kuna upenyo pale, na ndipo jibini inapotorokea. Paka gundi ndani ya ncha, bana. Kisha tia jibini kijiko kimoja cha chai, embe kijiko kimoja katikati, halafu jibini kijiko kimoja tena juu yake. Mpangilio huu una maana: jibini yenye mafuta ndiyo inayoigusa manda, na embe lenye sukari na unyevu linabaki ndani. Bonyeza hewa itoke, paka gundi kingo zote, funga. Usijaze hadi mdomoni. Upana wa kidole uachwe wazi.

Panga kwenye sinia lililonyunyizwa konflawa, visigusane, viingie friza dakika 45. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayookoa kazi nzima. Ubaridi unanunua muda: manda inakauka na kuwa ngumu kabla ya jibini ya ndani kupata joto la kusukuma mshono.

Jibini isikae mezani zaidi ya saa 2, na siku za joto kali saa 1. Afadhali kutoa nusu ya mchanganyiko, nyingine ikabaki friji.

Karai

Mafuta lita 1, kina cha sentimita 5, joto la nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi. Bila kipimajoto, tupia kipande cha mkate cha sentimita 2: kiwe cha dhahabu kwa karibu dakika moja. Kikiungua kwa sekunde 30, mafuta ni makali mno na manda itakuwa nyeusi ilhali ndani kungali baridi. Kikikaa bila kushika rangi, manda itakunywa mafuta na jibini itapata muda wa kutoka. Kwenye gesi ni rahisi kurekebisha. Kwenye jiko la makaa, punguza makaa kabla ya kuanza na weka mengine pembeni ya kuongeza, kwa kuwa ukishachelewa joto halishuki upesi.

Tia 5 kwa wakati mmoja, si zaidi. Kila kimoja kinatoka friza, vikizidi mafuta yanapoa ghafla. Dakika 2 na nusu hadi 3, ukivigeuza. Povu likianza kutoka kwa nguvu upande mmoja tu wa kisambusa, pale pamefunguka: kitoe mara moja kabla sukari haijamwagika. Weka kwenye wavu, si kwenye karatasi. Upande unaolala juu ya karatasi hulowa kwa mvuke wake mwenyewe.

Mafuta yaliyokaangia samaki au viazi karai yasitumike. Jibini hubeba harufu hiyo yote, na chenga za unga zilizobaki huungua.

Mashine ya kukaangia kwa hewa inafanya kazi na manda za mraba tu, zikipakwa mafuta pande zote, nyuzi 190, dakika 8 hivi. Manda za mkono hutoka ngumu na zenye mabaka, na ukoko unachelewa kushika kiasi kwamba baadhi huvuja. Inakubalika, ila si kitu kilekile.

Sukari ya unga nyunyiza vikishapoa kuwa vuguvugu. Vikiwa moto inayeyuka na kunata. Vibichi vilivyobaki vigande kwenye sinia kwanza, kisha vitie kwenye chombo chenye mfuniko, vikae mwezi mmoja. Vikaange bila kuviyeyusha, nyuzi 170, ukiongeza dakika moja.